Nani Mwenye Haki ya Kufunga Mwamba?

Pweza haishi sana. Huyu wa miamba yetu, anayeanikwa juani Kizimkazi na kuchomwa Forodhani, humaliza umri wake ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Katika muda huo hukua kwa kasi ambayo samaki wengi hawaifikii. Jike akishataga hujifungia pangoni kuyalinda mayai yake, hali chakula, hatoki, mpaka yanapoanguliwa naye akafa. Hana uzazi wa pili. Anayemtoa jike kabla hajataga ameondoka pia na kizazi ambacho mwamba ule ulikuwa ukikitegemea.

Mwanamke aliyelelewa pwani ya kusini mwa Unguja hakuhitaji maabara kumjua mnyama huyu. Pango lenye mwenyewe analitambua kwa maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni. Anajua mchokoo, ile fimbo yake ya kuchokolea, uingie upande gani ili pweza atoke badala ya kujibana ndani. Na zaidi ya hayo anazijua siku. Bahari yetu hupwa mbali mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo chache za bamvua ndizo zinazomfikisha kwa miguu mpaka mwambani. Bamvua likipita yanakuja maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, mwamba unabaki chini ya maji, na mwanamke anarudi shambani na kwenye kamba zake za usumba.

Tuangalie vizuri kilichokuwa kikitokea hapo. Kila baada ya bamvua mwamba ulipata mapumziko ya siku kadhaa bila amri ya mtu yeyote. Miteremko ya nje, yenye kina ambacho mguu haufiki, ilikaa bila kuguswa, na majike wakubwa wakataga huko kwa amani. Waliochokolewa kwenye mwamba wa ndani nafasi zao zilijazwa na watoto waliotoka nje. Kisha ikaja miwani ya kuzamia, ukaja mkuki, wakaja wanunuzi wenye barafu wanaosubiri dikoni, na pweza akawa bidhaa ya kupelekwa nchi za mbali. Mzamiaji hasubiri bamvua. Anashuka siku yoyote ambayo maji ni meupe, na anafika kule kwenye mteremko ambako mwanamke mwenye mchokoo hakuwahi kufika. Mapumziko yakaisha pande zote mbili, ya siku na ya mahali.

Naanza na pweza kwa sababu ndiye anayenionyesha wazi zaidi kasoro iliyomo katika namna tunavyoyazungumza maarifa ya wazee wetu. Siku hizi hakuna mpango wa hifadhi wa Zanzibar unaoandikwa bila aya nzima ya kuyasifu. Mzee huitwa kwenye kikao, hupewa nafasi ya kusoma dua, husimulia zamani ilivyokuwa, hupigwa picha. Baada ya hapo kazi ya kuamua inaendelea na watu wengine. Na simulizi yenyewe inapoandikwa hugeuka kuwa hadithi ya watu wema walioishi kwa upole na bahari, kana kwamba samaki walibaki wengi kwa sababu ya tabia njema ya wavuvi.

Ukweli ninaouona ni mwingine. Mambo matatu yalishikana: ujuzi wa kiumbe na majira yake, ufupi wa zana, na mamlaka ya kijiji ya kumwambia mtu asivue hapa, asikate huku, asije leo. Ufupi wa zana umekwisha na haurudi. Hakuna atakayemnyang'anya kijana miwani yake. Ujuzi bado upo, ingawa unapungua kila tunapozika. Mamlaka ndiyo iliyohamishwa, taratibu, kutoka kijijini kwenda ofisini, na ndiyo isiyotajwa katika zile aya za sifa. Mwamba ambao zamani ulifungwa na urefu wa mguu wa mwanadamu leo utafungwa na uamuzi wa watu au hautafungwa kabisa. Kwa hiyo suala kubwa la hifadhi katika visiwa hivi ni nani mwenye haki ya kufanya uamuzi huo.

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walilijibu kwa vitendo. Katikati ya miaka ya 2010, wakisaidiwa na Mwambao, jumuiya inayofanya kazi na vijiji vya pwani, walianza kufunga sehemu ya mwamba wao kwa kiasi cha miezi mitatu, kisha kuifungua. Vijiji vingine vya Pemba na Unguja vikafuata. Hesabu yake ni rahisi kwa anayemjua pweza: mnyama anayekua haraka hivyo, akiachwa miezi mitatu, anakuwa mzito mara kadhaa, na baadhi ya majike wanapata nafasi ya kutaga. Hakuna samaki wa matumbawe anayelipa kwa haraka namna hii. Changu au chewa ukimwacha miezi mitatu tofauti utaiona kwa shida, na ndiyo maana nadhani ilikuwa busara kuanza na pweza. Watu waliona kwa macho yao faida ya kujizuia kabla hawajaombwa kujizuia kwa mambo yanayochukua miaka.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili halina uhusiano na maarifa ya wenyeji kwa kuwa mfano wake ulitoka nje. Ni kweli kwamba wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, waliufunga mwamba wao mwaka 2004 na habari ikasambaa. Lakini wazo la kufunga peke yake lina thamani ndogo. Mtaalamu anaweza kusema miezi mitatu. Hawezi kusema mwamba upi, kwa sababu kwenye ramani yake pale pana rangi moja ya buluu, ilhali mvuvi ana jina la kila fungu, kila mkondo na kila kijimwamba, na anajua kipi kina mapango mengi, kipi hupitiwa na wageni, kipi kinaonekana kutoka ufukweni ili kilindwe bila mafuta ya mashine. Hawezi kusema siku ya kufungua, kwa sababu siku hiyo lazima iwe ya bamvua, na tena bamvua ambalo upepo wake hautachafua maji. Kusi likiwa kali, siku ya kufungua hupotea bure. Maarifa ya wenyeji yamekaa hapo hasa, katika mambo madogo ambayo yakikosewa mpango mzima unaanguka.

Na kuna jambo ambalo vijiji vyenyewe havijalimaliza. Mwamba unapofungwa, anayekaa nje ni mwanamke wa mchokoo, kwa sababu sehemu inayofungwa mara nyingi ni ile inayofikika kwa miguu. Mzamiaji ana pahala pengine pa kwenda. Siku mwamba unapofunguliwa wanaingia wote pamoja, na mwenye miwani anajaza kapu lake kabla maji hayajapwa vya kutosha kwa mwanamke kufika. Aliyetoa zaidi amepata kidogo zaidi. Mimi ningetaka kila kijiji kinachofunga kiandike katika kanuni zake kwamba bamvua la kwanza la ufunguzi ni la waendao kwa miguu, na wazamiaji waingie baada ya hapo. Ujuzi wa pweza kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa wanawake. Kuutumia ujuzi wao kujaza kapu la mwingine ni dhuluma, hata kama mwamba unanufaika.

Haki ya kufunga huanza na jirani. Bahari ya Zanzibar kisheria si ya kijiji. Mvuvi anaweza kutoka Nungwi akavua Kizimkazi. Wavuvi wa Kojani wamejulikana vizazi na vizazi kwa kwenda dago, wakipiga kambi miezi kadhaa katika fukwe za mbali, mpaka Bara na pwani ya Kenya. Sioni ubaya katika dago. Ni njia ya watu wa kisiwa kidogo kuishi, na nayo ni elimu kubwa ya pepo na mikondo. Ila desturi ya dago ilikuwa na adabu yake: mgeni alijitambulisha kwa wenyeji, akaambiwa panapovuliwa na pasipovuliwa, akakubali au akaondoka. Adabu hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu mwenyeji alikuwa na uwezo wa kumkatalia. Leo mgeni mwenye leseni na nyavu ya kukokota anaweza kumjibu mzee wa kijiji kwamba bahari ni ya serikali, na kwa maneno ya sheria atakuwa karibu na ukweli kuliko yule mzee. Ghuba ya Chwaka iliona miaka ya 1990 ugomvi mkubwa kati ya wavuvi wa mitego ya dema na wavuvi wa nyavu za kukokota, ugomvi ambao ulifikia kuumizana. Pande zote zilikuwa na wazee wenye maarifa. Kilichokosekana ni uamuzi unaokubalika wa nani avue wapi na kwa zana gani.

Misali inafundisha zaidi. Kisiwa hiki kidogo, kilicho magharibi mwa Pemba mkabala na Wesha, kina simulizi ambayo kila mvuvi wa upande ule anaijua: Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi, akaomba msala aswali, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikabidhi kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi wanaokitegemea walipinga. Hawakuwa na hati, lakini walikuwa na historia ya kukitumia kisiwa kama kambi, mapango yake na fukwe zake ambako kasa huja kutaga, na walikuwa na ile simulizi. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, sehemu yake ikafungwa kabisa kwa uvuvi, na wavuvi wakabaki na haki ya kuvua kwingine.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Palipotokea ugumu wa watu kuheshimu mipaka, wahusika walikwenda misikitini na madrasa. Wakazungumza juu ya mwanadamu kuwa khalifa duniani, juu ya kauli ya Mwenyezi Mungu katika Surat Al-A'raf, kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, na juu ya uvuvi wa baruti na nyavu za kukokota kama uharibifu ambao mtu ataulizwa. Kwa Wapemba, ambao karibu wote ni Waislamu, hoja hii ilifika mahali ambapo kanuni za idara hazikufika.

Kwangu mimi jambo hili linagusa swali gumu ambalo waandishi wengi wanalikwepa. Hifadhi nyingi za zamani katika visiwa vyetu zilisimama juu ya mizimu. Vichaka havikukatwa kwa sababu vilikuwa na wenyewe. Mvyale, msimamizi wa mizimu ya mahali, ndiye aliyejua kipi kiguswe na kipi kisiguswe, na kabla ya kufyeka msitu wa maweni mtu alipita kwake. Mapango kama Kuumbi karibu na Jambiani, ambamo watafiti wamekuta dalili za watu walioishi kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bado yana wanaokwenda kuweka nadhiri. Lakini vijana wengi wa leo hawaogopi mizimu, na masheikh wao wamewafundisha kwamba kuitegemea ni shirki. Siwezi kumwambia Muislamu arudi kwenye khofu ya mzimu ili mti usikatwe. Sina haki hiyo, na wala haitafanya kazi. Kanuni inayosimama juu ya khofu huanguka siku khofu inapoondoka. Misali imeonyesha kwamba mwiko unaweza kupewa msingi ambao watu wa leo wanauamini kwa dhati, na ukabaki wa kwao.

Popo wa Pemba naye anafaa kutajwa hapa, japo kwa ufupi. Ni popo mkubwa anayekula matunda, na hapatikani popote duniani ila Pemba. Mwaka 1996 alihesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Baadhi ya makundi yake yaliyosalia yalikuwa juu ya miti ya makaburini na vichakani ambako watu hawakati wala hawapigi kelele. Baadaye vijiji, Kidike kikiwa maarufu zaidi, vikaunda vikundi vya kumlinda, na idadi ikapanda mpaka kupita 20,000. Watu wale wale waliokuwa wakimla ndio waliomrudisha, kwa sababu uamuzi uliwekwa mikononi mwao na faida ya wageni wanaokuja kumtazama ikawafikia.

Sasa nije kwenye upande ambao wapenzi wa mila hawapendi kuusikia. Si kila kilichosemwa na wazee ni maarifa, na si kila desturi ilihifadhi. Unguja ilikuwa na chui wake. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wameifuatilia habari hii kwa miaka mingi, wameeleza jinsi imani kwamba chui wanafugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu ilivyowafanya wanavijiji wamwogope na kumchukia, na jinsi baada ya Mapinduzi ya 1964 kampeni ya kuwasaka wachawi na chui, iliyojulikana kwa jina la Kitanzi, ilivyomaliza wengi wao. Wataalamu wengi leo wanamhesabu kuwa ametoweka. Imani hiyo ilikuwa ya wenyeji kabisa, imerithiwa, ina masimulizi yake na wajuzi wake. Nayo ilimuua mnyama ambaye hatutampata tena. Kadhalika utupa. Kuponda mmea huu na kuutia kwenye vidimbwi vya mwambani ili samaki walewe ni ufundi wa kale wa pwani yetu, na unaua kila kidagaa kilichomo, cha kuliwa na kisicholiwa.

Sisemi hili ili kuwashusha wazee. Nalisema kwa kuwa maarifa yanayoheshimiwa kweli ni yale yanayoruhusiwa kupimwa, na wazee wenyewe walikuwa wakiyapima. Mfano mzuri ni hesabu ya mwaka. Wengi wanaijua Siku ya Mwaka kwa ngoma na mapambano ya migomba kule Makunduchi kila Julai. Nyuma ya sherehe ile kuna kalenda ya jua, yenye asili ya Nairuzi ya Waajemi, yenye siku 365 zinazohesabiwa kumi kumi, na kila kumi huitwa mwongo. Mkulima na nahodha walijua katika mwongo gani mvua hutarajiwa na katika mwongo gani kusi hulegea. Ila mwaka huo hauna ile robo ya siku ambayo kalenda ya Miladi huirudisha kila baada ya miaka 4. Kwa hiyo Siku ya Mwaka inasogea nyuma siku moja kila miaka 4, na katika karne moja inakuwa imesogea kwa kiasi cha siku 25. Aliyepanda kwa mwongo ule ule aliopanda babu wa babu yake angepanda karibu mwezi mzima kabla ya wakati.

Hawakufanya hivyo, kwa sababu walikuwa na kipimo cha pili. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: msemo huu haufuati hesabu ya miongo, unafuata nyota, na kilimia hakisogei pamoja na Siku ya Mwaka. Hesabu na nyota zilisahihishana. Ongeza hapo upepo, matlai na umande, na rangi ya maji, na utaona kwamba mkulima wa zamani hakuwa mtu wa kushikilia neno moja la mababu. Alikuwa na dalili nyingi na alizilinganisha. Leo masika na vuli havishiki nafasi zao kama zamani, na wapo wanaosema kwamba kwa hiyo elimu ile imekufa. Iliyokufa ni tarehe. Mazoea ya kutazama dalili nyingi kwa pamoja ndiyo tunayoyahitaji zaidi sasa, na mkulima wa Pemba ambaye bonde lake la mpunga limeingiwa na maji ya chumvi atanufaika akipata utabiri wa redio pamoja na macho yake mwenyewe, kila kimoja kikikikagua kingine.

Na maarifa ya wenyeji si lazima yawe ya kale. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Ni kazi ya kizazi kimoja tu. Hata hivyo wanawake, ambao ndio wengi katika kazi hii, wameshajenga elimu ambayo haipo kwenye kitabu chochote: fungu lipi lina mchanga unaotembea, mwezi gani mwani hubabuka na kuwa mweupe, samaki yupi huutafuna na kwa saa gani. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, iliposhindwa kustahimili maji ya moto ya kina kifupi, wao ndio walioiona ikifa kamba kwa kamba. Flower Msuya, mtafiti aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, amefanya kazi na wakulima hao kwa muda mrefu, ikiwemo kujaribu kuupeleka mwani kwenye kina zaidi, na kinachozuia wengi si ujinga. Kwenye kina kunahitajika chombo, na kunahitajika kujua kuogelea, ambako wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Ukitaka kuthamini maarifa ya mkulima wa mwani, mfundishe kuogelea na mpatie mtumbwi. Hapo elimu yake itamfuata mpaka kwenye maji ya baridi.

Nirudi kwenye mamlaka. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaiweka ardhi ya Zanzibar kuwa mali ya umma chini ya Rais. Sheha, ambaye ndiye serikali ya karibu kabisa na mwananchi, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Anaweza kuwa mtu mwema sana na bado jibu lake la mwisho linakwenda juu, si chini. Kamati za wavuvi za shehia zipo, na nyingi zina watu wanaokesha baharini bila malipo kuvizia nyavu haramu. Lakini kanuni ya kijiji isiyosainiwa na ofisi husika haina uzito mahakamani, na mwenye nyavu akiachiwa asubuhi, kamati iliyomkamata usiku inapoteza heshima mbele ya kijiji kizima. Baada ya hapo hutawaona tena wakikesha.

Tangu 2020 tuna wizara yenye jina la Uchumi wa Buluu. Visiwa vidogo kadhaa vimekodishwa kwa wawekezaji. Sipingi uwekezaji kwa kuwa ni uwekezaji. Nchi inahitaji kazi na mapato. Ninachopinga ni kuhesabu kisiwa kuwa kitupu kwa sababu hakina nyumba. Kisiwa kisicho na nyumba kinaweza kuwa dago la watu wa vijiji vitatu, kivuli cha kungojea maji, mahali pa kukaushia dagaa, na mlango wa mwamba ambao wanawake huufikia kwa miguu siku za bamvua. Hakuna mojawapo ya haki hizi iliyo kwenye karatasi. Zote zimo vichwani mwa watu, na mtu hawezi kupeleka kichwa chake kwa mrajisi wa ardhi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na inayowezekana mwaka huu huu, ni kuziandika haki hizi. Kila shehia ya pwani ichore ramani ya maeneo yake ya bahari kwa majina wanayoyatumia wenyewe, ioneshe panapovuliwa kwa dema, panapochokolewa pweza, panapolimwa mwani, panapotaga kasa, na nani hutumia na kwa majira gani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotoka katika vijiji hivyo hivyo; kazi hii inawafaa kuliko nyingi wanazopewa, na skuli za pwani zinaweza kuifanya pamoja nao. Ramani hizo zisiishie maktaba. Idara inayoshughulikia uvuvi izipokee, izisaini pamoja na kanuni za kufunga na kufungua za kila kijiji, na ziwe ushahidi unaokubalika pale mwenye nyavu anapofikishwa mbele ya hakimu.

Kazi ya pili ni nzito zaidi. Mkataba wowote unaogusa kisiwa au ufuo usisainiwe kabla ramani ya shehia haijawekwa mezani, na kabla kamati ya wavuvi, wanawake wakiwemo, haijapewa nakala ya mkataba kwa Kiswahili na muda wa kutosha kuusoma na kusema ndiyo au hapana. Hapana yao iwe na nguvu. Wavuvi wa Misali waliisema zaidi ya miaka 30 iliyopita bila sheria yoyote ya kuwasaidia, na kasa bado wanapanda kutaga kwenye fukwe zile.